Mgongo wa Baba na Ushahidi wa Kwenye Benchi

Nikimsikia mtu anaanza maneno yake kwa "mimi nimeona kwa macho yangu," huwa natafuta mahali pa kuweka mkoba nikae, maana najua upuuzi unaofuata utakuwa mrefu. Nafundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari huko Buguruni. Kila mwaka nawaeleza wanafunzi kwamba kuona siyo kupima, na kwamba mtu akipona baada ya kunywa kitu haimaanishi amepona kwa sababu ya kitu hicho. Kila mwaka wanaandika sentensi hiyo kwa hati nzuri, wanapata alama, kisha wanarudi makwao kunywa maji ya magome ili wafaulu mtihani wa baiolojia. Hilo nimeshalizoea. Sikulizoea lilipoingia nyumbani kwetu Kariakoo na kumlaza baba yangu kifudifudi.

Baba ni fundi mstaafu wa chini ya magari. Alimalizia ujana wake kwenye gereji za mtaa wa Gerezani, amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, akigonga bushi na kubadilisha shokapu za watu waliosimama juu yake wakimharakisha. Alipoacha kazi mgongo ukaanza kumsumbua, mara unakaza, mara unaachia, na mwaka juzi ukakaza ukakataa kuachia. Kuvaa viatu alisaidiwa. Kuoga alioga amekaa. Yote hayo aliyachukulia kwa mzaha, alisema amerudi kuwa mtoto na sisi ndio tumekuwa wazazi wabaya. Kitu kimoja tu hakukifanyia mzaha. Hakuweza tena kusujudu.

Msikiti wetu uko mtaa wa pili kutoka nyumbani. Pale nyuma, karibu na rafu za viatu, kuna viti vyeupe vya plastiki kwa ajili ya wazee na wagonjwa, na baba alihamishiwa huko. Imamu alimweleza kwa upole kwamba sala ya kwenye kiti inatosha kabisa kwa asiyeweza. Baba alimwitikia, alikaa kwenye kiti, na akirudi nyumbani alikuwa hasemi neno mpaka vyombo vimetolewa. Siku moja aliniambia bila mimi kumuuliza: "Mwanangu, naongea na Mola wangu nimekaa kama nasubiri kunyolewa." Alitaka paji la uso wake liguse mkeka. Hakutaka kingine chochote duniani, na nasema hivyo nikiwa namjua vizuri.

Nilimpeleka hospitali, bila shaka. Tulikaa kwenye foleni asubuhi nzima, tukaonana na daktari kijana aliyezungumza na kompyuta yake kwa adabu kubwa. Picha ilipigwa. Hakuna kilichovunjika, hakuna uvimbe, mishipa haijabanwa. Ni mgongo wa umri na kazi. Atembee kila siku, afanye mazoezi ya viungo, anywe vidonge vya maumivu anapozidiwa, na asiache vile vya presha. Kila neno la yule kijana lilikuwa sahihi. Tulipofika nje baba akaniuliza kama daktari ameuona mgongo wake, nikasema ameuona kwenye picha. "Kwa hiyo gari limekaguliwa kwa picha," akasema, na mazoezi hakuyafanya hata siku moja.

Hapo ndipo alipoingia kaka yangu. Kaka anauza spea Gerezani, ana maneno mengi na simu kubwa, na imani yake kwa simu hiyo haina mipaka. Alituma video kwenye grupu la familia: mwanaume aliyevaa koti jeupe anamshika mama mmoja kichwa, anakizungusha, kinalia ko! na mama anacheka na kulia kwa wakati mmoja. Chini yake kaka ameandika: "Mshua tumpeleke hapa, ni Kariakoo hapa hapa, jamaa ni noma." Nikaandika kwamba nikitaka kusikia mifupa inalia nitakwenda buchani. Hakuna aliyecheka. Shangazi mmoja aliweka mikono ya dua.

Walikwenda, na mimi nikafuatana nao kwa sababu sikuwa tayari kuuguza shingo iliyovunjika bila kujua aliyeivunja anafananaje. Kliniki ilikuwa ghorofa ya tatu, katikati ya duka la nywele za bandia na duka la chaja za simu. Chini barabarani kulikuwa na spika iliyokuwa ikirudia sauti ile ile ya mwanaume: njoo upigwe alaimenti ya mgongo, mgongo ukinyooka mwili mzima unanyooka. Ukutani lilitundikwa bango lenye uti wa mgongo uliochorwa kwa rangi nyekundu, na kandoni mwake magonjwa yanayotibiwa. Lilianza na kiuno na ganzi, jambo ambalo mtu anaweza kulistahimili. Kisha likaendelea na pumu, kisukari, presha na ugumba. La mwisho lilikuwa usahaulifu, kwa herufi ndogo, nadhani kwa sababu hata mchoraji alianza kuona aibu.

Ile alaimenti ndiyo iliyomnasa baba. Niliiona sura yake ikibadilika kwenye ngazi. Kwa hospitali yeye alikuwa mgonjwa tu, lakini hii ilikuwa lugha yake. Gari linavuta kushoto, unapima, unakaza hapa unalegeza pale, linakwenda sawa. Mtu aliyefanya kazi hiyo tangu ujanani aliambiwa kwamba mgongo wake ni chesi ya gari iliyopinda, akasahau papo hapo kwamba gari halijiponyi likipumzishwa, na mgongo hujiponya. Mafundi wote wa Gerezani niliowajua utotoni wangeweza kuingia mtego huo huo, na wengine nilikuja kuwaona pale pale wakipanda ngazi.

Nje ya mlango kulikuwa na benchi. Nitalieleza vizuri, kwa sababu kliniki yenyewe ilikuwa ni lile benchi. Hapo wagonjwa wanasubiri, na wanaposubiri wanasimuliana. Mama mmoja muuza vitenge hakuwa akilala, sasa analala. Mzee wa Ilala alikuja kwa bajaji akarudi kwa miguu. Mwingine alikuwa na sukari, akanyooshwa mara kadhaa, akaona mwili mwepesi. Aliyekuja kwa wasiwasi anaingia ndani akiwa tayari amepona nusu. Nilimuuliza yule mama wa vitenge kama anamjua mtu yeyote aliyekuja hapa asipone. Akaniangalia kama nimemuuliza habari za uchi wake. "Sasa dada, asiyepona atakuja kufanya nini hapa?"

Ndiyo, mama. Umesema yote. Ukimuuzia mtu feni mbovu Kariakoo, kesho asubuhi yuko mlangoni kwako ameibeba, anakutukana mpaka wateja wako wamtulize. Aliyeuziwa mgongo harudi kupiga kelele. Anajiona yeye ndiye mbovu, mifupa yake ndiyo iliyokataa, anajikalia nyumbani kwake kimya. Benchi linabaki na waliopata nafuu peke yao, na watu wanaojua kupekua robota zima la mitumba Mchikichini mpaka chini kabisa wanakaa hapo wanaona juu tu na kuridhika.

Bwana mwenyewe alikuwa na umri wa kaka, mnene, anayenukia vizuri, mwenye mikono ya joto. Najua ilikuwa ya joto kwa sababu alinishika mkono na kuniita dada. Alijitambulisha kuwa mtaalamu wa osteopathi, yaani tiba ya kunyoosha mifupa kwa mikono. Kuna nchi ambako wanaoitwa hivyo ni madaktari kamili, wamekaa chuoni miaka kama daktari mwingine yeyote. Huyu alikuwa na cheti cha semina, kimewekwa kwenye fremu ya dhahabu. Alimlaza baba kifudifudi, akampapasa mgongo wote kuanzia juu hadi chini, polepole, akiuliza: hapa? na hapa? na ukiinuka asubuhi je? Baba alijibu kila swali kwa urefu. Sijawahi kumsikia akiongelea mwili wake hivyo. Kisha akageuzwa ubavu, akasukumwa, na mgongo ukalia.

"Umesikia?" baba akaniuliza akiwa bado amelala. "Fupa limerudi mahali pake."

Halikurudi popote, kwa kuwa halikuwa limetoka. Mlio ule ni gesi kwenye majimaji ya kiungo, ule ule unaosikika mtu akijivuta vidole. Na nitauliza kwa faida ya mafundi wote: gari likigonga chini, baba husema kuna kitu kimekufa. Ilikuwaje mgongo wake ulipogonga akasema umepona? Sikumuuliza. Yule bwana alikuwa ameshafika shingoni, na mimi nilikuwa nimesimama. Nikamwambia aiache shingo. Akatabasamu, akaiacha, na kaka akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nawaaibisha.

Ijumaa ya tatu baada ya hapo, baba alisujudu.

Sikumwona mwenyewe, kaka alikuwa nyuma yake, naye hakukawia. Kabla hawajafika nyumbani nilishapata ujumbe: "Cheki sasa, mshua kapiga sijda. Wasomi mnasemaje?" Baba aliingia uani anatembea taratibu, alama ya mkeka iko kwenye paji la uso, akakaa na kuomba chai. Nilifurahi. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, halafu nikakasirika kwa sababu najua fika furaha yangu ingehesabiwa kama ushahidi.

Jioni hiyo nilisoma, na kwa kusoma sina maana ya video. Nilisoma kazi za watu wanaokusanya tafiti za wenzao na kuzichambua, ipi imefanywa vizuri na ipi ni takataka. Sikutaka kuwa mjinga wa upande wa pili, kwa hiyo nitawapa wanyooshaji haki yao. Kwa maumivu ya kiuno na mgongo, kunyooshwa kwa mikono husaidia baadhi ya watu, kidogo, kwa muda, karibu sawa na mazoezi yale ambayo baba aliyadharau. Wakigawanywa wagonjwa bila kuchagua, hawa wakanyooshwa kweli na wale wakapapaswa tu na mtu anayejifanya ananyoosha, makundi yote mawili hupata nafuu, na tofauti kati yao mara nyingi ni ndogo mno. Tena mgongo wa aina ya baba una kawaida ya kukaza na kuachia wenyewe, na mtu hukimbilia tiba siku umekaza kuliko siku zote, kwa hiyo hata angepakwa uji siku hiyo angepata nafuu baadaye. Kuhusu pumu, sukari na presha, ushahidi ni mwembamba na dhaifu, na hakuna ndani yake kitu cha kumfanya mtu mwenye akili aache dawa. Osteopathi ilianza Marekani, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa daktari aliyeamini kwamba mifupa iliyokaa vibaya inazuia damu na kuleta karibu kila ugonjwa. Wenzake wa leo wengi wamelikimbia wazo hilo. Limekuja kupanga ghorofa ya tatu Kariakoo.

Niliyaandika haya yote kwenye grupu, kwa lugha nyepesi, kama ninavyomwandikia mwanafunzi. Kaka akajibu kwa kikatuni kinachosinzia. Nilimdharau kaka yangu siku ile kwa dharau safi, isiyo na chembe ya upendo, na sijui kama yote imeisha.

Mambo yangeishia hapo, kila mtu na ujuaji wake, kama si vidonge. Ni mimi ninayemnunulia baba vidonge vya presha. Mwezi mmoja nikamletea, akasema vya zamani bado vipo. Nikauliza vimebakije. Akanitazama usoni, kwani baba si mtu wa kuficha, akasema: "Nimeviacha. Mgongo umenyooka, damu inapita. Pale benchini wengi wameviacha."

Nilimvuta mpaka duka la dawa la kwenye kona. Muuzaji alimpima mkono wa kushoto, akatazama mashine, akampima wa kulia, akamtazama baba, kisha mimi. Baba akasema anajisikia mzima. Muuzaji akasema presha ndivyo ilivyo, mtu anajisikia mzima mpaka anapoanguka. Baba akashukuru, akatoka, na vidonge hakumeza.

Kwa wiki kadhaa nyumba yetu haikukalika. Nilimchorea moyo na mishipa kwenye karatasi. Nilimweleza kiharusi kinavyoingia, mdomo unavyopinda, mkono unavyokufa. Nilimtajia jirani yetu aliyeanguka bafuni. Nilimwambia wazi kwamba atakufa, na yeye akanijibu kwa upole mkubwa, "Mama, kufa nitakufa tu." Nikimkuta amelala mchana nilikuwa nasimama mlangoni kuangalia kama kifua kinapanda. Nilikuwa na ushahidi wote duniani, na haukuwa na uzito wa kidonge kimoja kinywani mwa baba yangu.

Basi nikapanda zile ngazi peke yangu kwenda kugombana. Nilianzia benchini, wakanisikia wote. Nikauliza ni nani kati yao aliyemwambia mzee wangu aache dawa. Yule bwana akatoka, akaniingiza ndani, akafunga mlango.

"Dada yangu, mimi sijamwambia aache dawa."

"Bango lako limemwambia."

"Bango ni bango. Hapa Kariakoo nani anaandika anachouza tu?"

Nikamwomba ushahidi kwamba kunyoosha mgongo kunashusha presha. Akaonyesha mlango, upande wa benchi, bila aibu yoyote. Nikaanza somo langu, makundi mawili, wanaonyooshwa na wanaodanganywa, na katikati ya sentensi nikaona uso wake umetulia kama uso wa mwanafunzi wa dawati la nyuma. Hakuwa ananisikiliza. Nikaacha. Nikamwambia jambo jingine.

"Baba anajulikana msikiti mzima. Wote wanajua umemnyoosha wewe. Akianguka pale mbele ya safu, wataulizana amekuwa akitibiwa na nani. Hilo benchi lako litakuwa tupu siku hiyo hiyo."

Hapo alisikia. Aliketi, akapangusa uso, akaniuliza vidonge vyenyewe ni vya aina gani na vinamezwa mara ngapi. Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba shingo ya baba haiguswi kamwe. Nikamtaka afute neno presha kwenye bango, akasema atalifikiria. Bado liko. Nimepita juzi, nimeliona.

Wiki iliyofuata nilikuwepo baba alipolazwa. Alipapaswa juu hadi chini kama kawaida. Kisha yule bwana akaacha mikono yake imetulia mgongoni, akasema:

"Mzee wangu, huku chini nimekuweka sawa. Lakini ukisujudu, damu yote inakimbilia kichwani. Presha ikiwa juu utainama na hutainuka. Vile vidonge ndivyo vinavyokulinda pale mkekani. Ukiviacha, sikunyooshi tena, maana nitakuwa nakunyoosha ili urudi kusalia kwenye kiti."

Kama mwanafunzi wangu angeandika vile kwenye mtihani ningemkata alama. Nusu ni kweli iliyopindishwa, nusu ni porojo, na yote ilisemwa na mtu aliyekuwa analinda biashara yake kwa maneno niliyomtisha nayo mimi. Nilimdharau nikiwa nimesimama pale, na nilikuwa naomba moyoni aendelee kuongea.

Jioni baba aliomba maji. Akatoa kidonge mwenyewe, akakiweka kwenye kiganja, akakimeza mbele yangu bila kunitazama. Nilipaswa kunyamaza, lakini tabia yangu haikuniruhusu.

"Baba, si ndicho nilichokuwa nakwambia wiki zote hizi?"

Akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Wewe uliniambia nitakufa. Yeye ameniambia nitasujudu."

Akamalizia maji yaliyobaki kwenye glasi, akainuka kwenda kutawadha.